Mayai ya Kobe ku Shamba ya Patricie

Mukamazimpaka hakusamehe. Ijulikane toka mwanzo, juu kuko bantu banapendaka kumaliza hadithi na machozi na kukumbatiana, ati mama alikuwa na roho nzuri. Roho yake ilikuwa kama mawe ya ile kilima iko nyuma ya nyumba yake, kule Bugarama. Jua inaipiga, mvua inaipiga, jiwe iko palepale.

Na kitu alikuwa anabeba mu roho miaka yote ni mayai.

Patricie, jirani yake wa chini, alikuwa analima karanga pale kilima inakutana na mashamba ya mupunga. Mwaka ule karanga zilikauka mbele ya kuzaa, na Patricie alikuwa anatafuta muntu wa kulaumu, maana Mungu huwezi kumuita ku mukutano. Siku moja jembe yake ikafukua mayai. Nyeupe, ya muviringo kabisa kama goroli kubwa, ngumu, haikuwa ya kuku, haikuwa ya bata. Na mayai iliyofukiwa mu shamba ya muntu, kila mumoja wa huku anajua maana yake: kuko mwenye anakuloga. Patricie akatupa jembe, akapiga kelele mpaka bale ba ku mupunga bakapanda mbio na matope ku miguu.

Mukamazimpaka naye akapanda. Na pale, masikini, akasema ukweli. Akasema ile ni mayai ya kobe, ule mukubwa wa madoadoa kama chui, na ye mwenyewe alimuona na macho yake jua ikiwa inashuka: kobe alisimama palepale, akakojoa ku udongo mukavu mpaka ikalainika, kisha akachimba na miguu ya nyuma.

Bantu bakacheka. Nani amekwisha kuona kobe anakojoa? Lakini Patricie hakucheka. Alimuuliza Mukamazimpaka na sauti ya chini sana, "Na weye, Maman Teta, jua ikiwa inashuka, ku shamba yangu, ulikuwa unatafuta nini?"

Ukweli ukamufunga. Alikuwa anatafuta mbuzi yake, lakini mbuzi haiwezi kusimama itoe ushahidi. Mwenye aliweza ni Hamdani, mulimaji wa mupunga. Ile saa alikuwa ku mufereji anafungua maji, na kobe alimuona vizuri; balionyeshana hata na kidole, bakacheka bote babili. Sasa Mukamazimpaka akamuangalia. Hamdani akaangalia miguu yake. Bwana ya Patricie ndiye alikuwa anapanga zamu za maji, na mupunga bila maji ni nyasi.

Basi mumoja mwenye kujifanya na akili akatoa shauri: kama ni mayai ya nyama ya kweli, itotolewe tuone. Bakaiweka chini ya kuku ya Patricie, kuku hodari, mwenye hata mayai ya bata haikumushinda. Kuku akaatamia. Akaigeuza na mudomo asubuhi na mangaribi, vile kuku banafanyaka. Siku zake zikaisha, hakuna kitu. Bakamuongezea zingine. Mwisho kuku mwenyewe alichoka, akaondoka akaenda kuchakura. Bakaipasua mbele ya bantu bote, na harufu yake ikafika ku barabara. Bakasema: kobe gani anaozea mu yayi? Ile ilikuwa dawa.

Toka ile siku, Mukamazimpaka akawa mulozi.

Sasa mujue alikuwa nani kabla ya ile mayai. Alizaliwa ng'ambo ya muto Ruzizi, upande wa Congo, kule Kamanyola, mu familia ya Banyarwanda bale balikimbiaka zamani. Siku ya kurudi huku alikuwa muke muzima, mutoto wake Teta ku mugongo, chungu ku kichwa. Bengine balibeba magodoro na radio. Ye alibeba chungu ya mama yake, nyeusi, tumbo yake kubwa kama ya mwenye mimba ya mapacha, na ku njia muntu akiigusa alimupiga ku mukono.

Mu ile chungu alipikaka pombe ya mutama. Bafanyakazi ba kiwanda ya simenti balikuwa banatoka kazi na vumbi ku nyusi, banaingia kwake mbele ya kufika kwa bibi zao. Baislamu ba Bugarama alibafanyia bushera, ile tamu isiyolewesha, na bushera ilikunywewa pia na bakristo, kama pastori yuko karibu. Akienda mbali pastori, chungu ilikuwa palepale. Hakuwa muntu wa maneno matamu. Ukichelewa kurudisha kikombe, alikutukana mpaka kwa babu yako. Lakini bantu balikuya, juu pombe yake haikuwaka na mwenzake.

Na huku kwetu kuko desturi moja. Mwenye kukupa kinywaji anaonja kwanza. Anavuta ku murija mbele yako, anameza, ndipo anakupa. Ni adabu, na ni kuonyesha hakuna sumu. Kisha ya ile mayai, Mukamazimpaka akaonja kama kawaida. Bakakataa. Akakunywa nusu ya kibuyu mbele yao, macho ku macho, bado bakakataa: huyu tumbo inamuuma, ule yuko na dawa ya daktari, mwingine ameokoka jana. Akabeba bidoni mpaka Rwimbogo kwa bantu bageni. Habari ikatangulia kufika. Pombe ikamwagwa, mbuzi bakalewa. Hata ku matanga, kikombe yake ilibaki imejaa mpaka nzi bakaingia. Unaweza kumunyima muntu salamu, ataishi. Lakini kumuachia kikombe yake imejaa, ni kumuzika angali anapumua.

Muntu mwingine angehama. Ye akaanza kuchunga kobe.

Banasema ile kilima haina kitu. Hawajaketi pale. Asubuhi, kabla jua haijakuwa kali, kobe anatoka mu kichaka ya miba, kwanza kichwa, kisha shingo yenye makunyanzi, na anasimama kuota jua kama mwenye duka anangoja mushtiri wa kwanza. Anakula nyasi, anakula majani manene yenye maji, na akikuta mufupa mukavu wa mbuzi anauguguna, krr, krr, juu nyumba ya ku mugongo inataka kujengwa na kitu. Mvua ikinyesha anatumbukiza kichwa yote mu kidimbwi, anakunywa, anakunywa, mpaka unafikiri amekufa. Ukimushtua anatoa pumzi, fffff, kama sufuria ya presha, anajifunga. Na habari ya kobe ni polepole, ni uongo wa bale balimuonaka ku picha. Mukamazimpaka alimuona mumoja anashuka kilima akikimbia moto ya nyasi, miguu imenyooka, tumbo juu ya ardhi, na mawe inamuviringika nyuma.

Badume ni badogo kuliko bake, lakini ugomvi ni yao. Babili bakikutana banagongana magamba, tok, tok, tok, mpaka mumoja anapinduka miguu juu. Hapo Mukamazimpaka alikuwa anaenda na fimbo yake kumugeuza, lakini kwanza alimutukana. Alimuambia: umegombania muke, sasa hata jua inakushinda.

Kobe muke, mukubwa kuliko bote, alimuita Mukecuru, ni kusema bibi mzee. Alikuwa na uzito wa mutoto wa kuanza masomo, gamba ya manjano na madoa nyeusi, nyuma imemeguka kipande. Ule ndiye alikojoaka ku shamba ya Patricie. Mukamazimpaka alimujua kama unavyojua adui, au dada. Alikuwa anamufuata na macho mwaka ku mwaka, na alikuwa na neno moja tu ya kumuambia: utarudia, na siku utarudia, sitakuwa peke yangu.

Na Mukecuru akarudia.

Ilikuwa dimanshi, siku ya kanisa, mvua kubwa zilikuwa zinamalizika. Kobe alikuya mpaka kando ya kanjia, hatua kidogo na mulango ya Mukamazimpaka, ku udongo mutupu. Akanusa. Akageuka huku, akageuka kule. Akasimama. Na udongo chini yake ikaanza kulowana.

Mukamazimpaka akatupa fimbo, akakimbia. Mama mwenye magoti ilikwisha kufa zamani, mwenye alikuwa anafika kanisani bakiimba wimbo wa mwisho, akakimbia juu ya matuta ya mupunga na kitenge mu mukono, ndege banaruka mbele yake. Alijua kobe hana haraka ya kutaga. Lakini alijua pia Patricie.

Alimukuta anatoka kanisani na bamama benzake. Hakumusalimia.

"Kuya uone nani anakojoa ku udongo."

Patricie akajibu ye haendi mahali na mulozi, siku ya Bwana tena. Bamama bengine bakaangalia chini. Ni Joselyne, muke ya mutoto wa Patricie, mwenye hakukuwako mwaka ule wa mayai, ndiye alisema ye anaenda, hajaonaka kobe mukubwa toka azaliwe. Joselyne akienda, bengine bakafuata. Na Patricie, afadhali afe kuliko habari imupite, akafuata nyuma, pole pole, kama mwenye anapita tu.

Shimo ilikuwa imefika. Kobe alikuwa anachimba na muguu moja ya nyuma, kisha ingine, bila kuangalia, kama mama anasonga bugali huku anaongea na mugeni. Bakasimama kumuzunguka. Yayi ya kwanza ikaanguka, nyeupe, muviringo kabisa. Kobe akaisogeza na muguu, taratibu, akaipanga. Ingine. Ingine. Mama moja muzee alikuwa analia bila kujua. Kisha Mukecuru akafukia, akainua tumbo yake yote nzito akaiachilia, pum, akainua tena, pum, mpaka udongo ikawa sawasawa na haungejua kama kitu ilipita pale. Akaondoka. Hakuangalia nyuma hata kidogo.

Joselyne akasema, "Maman, ni kama ile bananihadithiaka."

Patricie akafunga kitenge yake upya. Halafu akasema sawa, kobe anataga, ameona. Lakini ile yake ilioza. Mayai ya kobe inatoa kobe, mayai ya bulozi inatoa harufu. Nani anajua kama ilikuwa ya aina moja?

Na hapo Mukamazimpaka, mwenye angeweza kuishia pale na kushinda nusu, hakutaka nusu.

"Hii ikitoa kobe, utakunywa kwangu, Patricie. Mbele ya bantu bote. Na miye sitaonja mbele yako."

Bamama bakashika midomo. Kukunywa bila mwenye kinywaji kuonja, na kwa mulozi, ni kuweka uzima yako ku meza.

"Na isipotoa?" Patricie akauliza.

"Chungu ya mama yangu, naivunja mwenyewe, na weye unaangalia."

Akazungusha mawe, akafunika na matawi ya miba kuzuia kenge na nguchiro, na kuku za Patricie pia. Akaketi kungoja.

Angelisema nini kama angelijua kungoja itakuwa namna ile? Kuku anangoja wiki chache. Bata anaongeza kidogo. Bantu bakahesabu kama kuku, bakaona kimya, bakarudia kucheka. Kiangazi ikapita. Mvua zikakuya, mutama ikapandwa, ikavunwa, kimya. Patricie alikuwa na desturi ya kupita kila asubuhi na jembe ku bega.

"Maman Teta, bageni bako bangali banalala?"

"Banangoja weye ujifunze adabu."

Lakini mu moyo alikuwa anaungua. Kiangazi ya pili ikafanya udongo ikawa kama simenti, na siku moja akashika jembe, akaondoa miba, anataka kufungua aone kama kuko kitu au hakuna. Hamdani alikuwa anapita toka mupunga. Akasimama mbali kidogo, juu toka ule mwaka hakukuwa na ruhusa ya kukaribia. Akamuomba asichimbe. Akasema amefikiri sana. Ule Mukecuru alirudia hata mara moja kugeuza mayai yake? Hakurudia. Na ile ya zamani, kuku aliigeuza kila siku.

"Labda haikuwa mibaya, Maman Teta. Labda ni sisi tuliiua."

Mukamazimpaka akaegemea jembe. Akamuambia kumbe mudomo yake imepona. Alikuwa anafikiri alizaliwa bila. Hamdani akaenda zake. Lakini jembe ikarudia mu nyumba, na miba ikarudia juu ya udongo, na ile mangaribi yote alikuwa anatembea mu kiwanja anajisemesha: kuku aliigeuza, kuku aliigeuza.

Basi Patricie akaona amengoja ya kutosha. Akatangaza mbele ya bantu ku soko: mvua ya kwanza kubwa ya msimu ikinyesha na hakuna kitu, siku inayofuata banakwenda kuona chungu inavunjwa. Mukamazimpaka alikuwa anauza chumvi hatua tatu kutoka pale. Angeweza kukataa. Akasema iwe hivyo. Kiburi ni kama mimba, ikikwisha kuonekana huwezi kuirudisha.

Ile wiki alipika pombe. Kama ni ya mwisho, alisema, basi iwe nzuri kuliko zote. Akaitia mu bidoni, akaosha chungu mpaka ikangaa.

Na mvua ikakuya. Ilitoka upande wa Congo, nyeusi, ikapiga mabati mpaka hakuna mwenye alisikia jirani yake, ikajaza mifereji, vyura bote ba Bugarama bakaamka mara moja. Asubuhi hewa ilikuwa inanuka udongo mubichi, na bantu balikuwa bamejaa ku kiwanja ya Mukamazimpaka kama ku ndoa. Bamama ba kanisa, Baislamu ba mupunga, bafanyakazi ba simenti na buti zao nyeupe, batoto ku mabega. Kwa miaka yote hakuna aliyeingia pale kukunywa. Kuona chungu inapasuka, balifika bote.

Mukamazimpaka akaondoa miba. Udongo ilikuwa imelowana, laini, kimya. Akaangalia. Akangoja. Jua ikapanda. Mumoja akakohoa. Patricie alikuwa amesimama kando ya mawe, mikono ku kiuno.

Mukamazimpaka akaingia mu nyumba, akatoka na chungu. Akaiweka chini mbele yao. Akachukua mutwangio. Teta, mutoto wake mwenye alitoka Kamembe juu ya ile siku, akageuza uso ku ukuta. Mukamazimpaka hakulia. Aliinua mutwangio na mikono mibili, na bantu bote bakaangalia mutwangio.

"Ngoja."

Sauti ilikuwa ndogo sana. Ilikuwa ya Patricie, na Patricie hakuwa anaangalia mutwangio. Alikuwa anaangalia kiatu yake. Pembeni ya kiatu matope ilikuwa imepasuka, na mu ile pasuko kulikuwa na pua, ndogo kama mbegu ya haragi, na ncha nyeupe juu yake kama jino, na jicho moja nyeusi imefunguka.

Hakuna mwingine aliona. Kukanyaga tu, kidogo, kama mwenye anabadilisha muguu, chungu ingevunjika na Patricie angekuwa na haki mpaka kaburi. Tuseme ukweli hata kwa mwenye hatumupendi: hakukanyaga.

"Ngoja, Maman Teta. Kuko moja."

Mutwangio ikaanguka. Bantu bakapiga magoti mu matope, kitenge za kanisa, kanzu, buti, bote. Udongo ikatetemeka, ikainuka kama bugali inachemka, na mukono mudogo yenye makucha ikatoka. Halafu mwenyewe, gamba ya manjano na nyeusi, mupya kama sahani ya duka, matope ku kichwa. Akapumzika. Akafuta jicho na mukono. Chini yake mwingine anamusukuma, na chini ya ule mwingine, banapandana, banaanguka, banaamka, bakobe ba kuingia mu kiganja, na kila mumoja akishatoka anaenda moja kwa moja ku nyasi, hakuna mama, hakuna mwenye alimuonyesha njia. Batoto balikuwa banapiga kelele, bababa balikuwa banapiga kelele kuliko batoto. Joselyne alikuwa amelala kifudifudi na kidevu mu matope, anacheka. Na Mukamazimpaka amesimama katikati, anarudia neno moja tu: munaona, munaona, munaona.

Hamdani akasimama. Akaondoa kofia yake, akasema mbele ya bote kama ye pia ule mwaka wa mayai alimuona kobe, kwa macho yake, na hakusema.

"Leo hata kuku anaweza kusema hivyo," Mukamazimpaka akamujibu, na hakumuangalia tena. Bushera yake Hamdani alipewa siku ile mwisho wa bantu bote, na kikombe yenye ufa.

Kisha Mukamazimpaka akaleta kibuyu, imejaa mpaka ku mudomo, na murija. Akamupa Patricie mu mikono.

Patricie akashika. Akangoja. Haikuwa woga, ni mukono tu yenye imezoea: unapewa, unangoja mwenyewe aonje. Mukamazimpaka akafunga mikono ku kifua.

"Nimeonja miaka yote. Leo ni zamu yako."

Patricie akaangalia bantu. Akaangalia ku nyasi, kule kobe wa mwisho alikuwa anapotea. Akainamisha kichwa, akavuta, akameza. Bantu bote balimuona koo yake inashuka.

"Iko na asali kidogo," akasema.

"Hakuna asali. Ni mutama. Umesahau. Kunywa tena."

Akainama, akakunywa tena.